Saratani Ikifika Mapafuni: Nani Apasuliwe?



Katika miji yetu inayouzunguka Mlima Kenya, hakuna wiki inayopita bila mchango wa matibabu. Kikundi cha WhatsApp kinaundwa, mweka hazina anachaguliwa, namba ya kutumia pesa inabandikwa, na Jumapili tangazo linasomwa kanisani. Pesa zisipotosha, jamaa wanakaa kikao na kuanza kulitazama shamba. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni saratani, na swali lililowakutanisha ni hili: daktari amesema imefika mapafuni, je, haiwezi kutolewa kwa upasuaji?

Nimefanya kazi ya upasuaji katika eneo hili kwa muda mrefu, na vikao vya namna hiyo nimevikalia nikiwa daktari na nikiwa jirani. Nimeona makosa mawili yakirudiwa. La kwanza ni kumrudisha nyumbani kijana ambaye bado angeweza kupona, kwa kuwa tu karatasi yake imeandikwa hatua ya nne. La pili ni kuuza ekari ya kahawa ili kulipia upasuaji usiomwongezea mgonjwa siku wala kumpunguzia maumivu. Makosa hayo yanatoka mahali pamoja: watu hawajaelezwa kwamba jibu hutegemea saratani ilikotoka, ilivyokwenda, na imebaki wapi.

Kwanza, kwa nini mapafu? Damu yote inayorudi moyoni, iwe imetoka gotini, kwenye figo au kwenye titi, husukumwa hadi mapafuni ili ipate hewa safi kabla ya kuzungushwa tena mwilini. Hapo hupita katika mishipa myembamba kuliko unywele, na mishipa hiyo hunasa kama chujio la chai linavyonasa majani. Seli ya saratani iliyobanduka kwenye uvimbe wa kwanza na kuchukuliwa na damu hukwama hapo. Nyingi hufa. Chache hupata nafasi, zikagawanyika, na baada ya miezi au miaka zikaonekana kwenye picha kama madoa ya mviringo. Damu ya utumbo mpana ina njia yake: hupitia kwenye ini kwanza, ndiyo sababu saratani ya utumbo huonekana zaidi inini. Lakini sehemu ya chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, baadhi ya mishipa yake humwaga damu moja kwa moja kwenye mshipa mkuu unaokwenda moyoni. Saratani ya hapo inaweza kuliruka ini na kujitokeza mapafuni.

Kwa hiyo mgonjwa huyu hana saratani ya mapafu. Ana saratani ya mfupa, ya figo au ya utumbo iliyohamia mapafuni, na dawa atakazopewa ni za kule ilikotoka. Wauguzi mlioko hapa, nawaomba sana mlieleze hili kwa familia, maana nimewasikia watu wakimlaumu mgonjwa asiyewahi kuvuta hata sigara moja.

Wazo la kuikata saratani iliyohamia si geni. Mwaka 1933, katika Massachusetts General Hospital mjini Boston, mpasuaji Edward Churchill alimtoa mgonjwa sehemu ya pafu iliyokuwa na saratani iliyotoka kwenye figo. Figo yenyewe ilitolewa pia. Yeye na mwenzake Barney waliichapisha habari hiyo mwaka 1939. Mgonjwa yule aliishi miaka 23 baada ya upasuaji, na saratani siyo iliyomuua.

Habari ya mtu mmoja aliyepona huvuta wengi. Wapasuaji wakaanza kujaribu kila mmoja kwa namna yake, hata mwaka 1965 Thomford na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, wakaweka masharti ambayo kimsingi bado tunayafuata. Uvimbe wa kwanza uwe umeshadhibitiwa. Pasiwe na saratani mahali pengine nje ya mapafu. Mgonjwa awe na nguvu za kuhimili upasuaji. Wao walitaka pia vivimbe viwe katika pafu moja tu. Siku hizi tunakubali hata mapafu yote mawili, mradi kila kivimbe kiweze kutolewa na mgonjwa abaki na pafu la kutosha kupumulia. Ukijua mapema kwamba kimoja kitabaki, usimfungue kifua.

Mwaka 1997 mpasuaji wa Kiitaliano, Ugo Pastorino, na wenzake walikusanya kumbukumbu za wagonjwa 5,206 waliopasuliwa katika hospitali 18 za Ulaya na Amerika Kaskazini. Kati ya waliotolewa vivimbe vyote, 36 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5, na 26 baada ya miaka 10. Kati ya waliobakizwa saratani, ni 13 tu katika kila 100 waliofika miaka 5. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao madoa yalichelewa kutokea, miezi 36 au zaidi tangu uvimbe wa kwanza utibiwe, na wale waliokuwa na kivimbe kimoja. Takwimu hizo ziliingia katika vitabu vya kufundishia, na hadi leo ndizo zinazotajwa mgonjwa anapouliza.

Lakini hebu tuwatazame wagonjwa hao walivyopatikana. Hakuna aliyefikishwa mezani bila kuchaguliwa. Mwenye madoa mengi aliachwa. Mwenye saratani inayokimbia aliachwa. Aliyedhoofika aliachwa. Waliobaki ni wale ambao ugonjwa wao ulikuwa wa polepole tangu mwanzo. Ukiwapasua hao, halafu wakaishi, utajuaje kama waliishi kwa sababu ya kisu au kwa sababu saratani yao haikuwa na haraka?

Tom Treasure, mpasuaji wa kifua wa London, aliliuliza swali hilo kwa miaka mingi, na namheshimu kwa sababu aliiuliza kazi yake mwenyewe. Kisha yeye na wenzake wakafanya jaribio lililoitwa PulMiCC. Waliwachukua wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyofika mapafuni, ambao wangeweza kupasuliwa lakini madaktari wao hawakuwa na hakika, wakawagawa kwa kura: hawa wapasuliwe, hawa wasipasuliwe. Wagonjwa waliokubali kupigiwa kura walikuwa wachache, jaribio likasimamishwa mapema, na ripoti ya mwaka 2020 ina watu 93 tu. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai ni takriban 36 katika kila 100 upande wa upasuaji, na takriban 30 katika kila 100 upande wa pili. Ukitazama muda ambao nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki, ulikuwa miaka 3.5 kwa waliopasuliwa na miaka 3.8 kwa wasiopasuliwa.

Watu 93 hawatoshi kuthibitisha kwamba upasuaji huo hausaidii. Wanatosha kubomoa dhana moja kubwa, kwamba asiyepasuliwa karibu hakika atakufa ndani ya miaka 5. Kwa dhana hiyo familia nyingi zimeambiwa waharakishe. Mimi ninavyoona, mtu mwenye saratani ya utumbo iliyotibiwa vizuri, aliyekaa miaka mitatu au minne kisha likatokea doa moja tu, anastahili kuonana na mpasuaji wa kifua na kuzungumza naye kwa utulivu. Mwenye madoa sita yaliyotokea miezi minane baada ya matibabu, sitamshauri apasuliwe, na sitakubali jamaa zake wauze shamba kwa ajili hiyo hata wakinikasirikia.

Sasa nije kwa vijana, maana hapa ndipo hukumu yangu inageuka kabisa.

Kuna saratani ya mfupa inayoitwa osteosakoma. Huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kukua haraka, na mahali pake pa kawaida ni karibu na goti. Kijana anaumia goti akicheza mpira shuleni, au ndivyo anavyodhani. Uvimbe unakandwa kwa maji moto, unasuguliwa dawa, anapelekwa kwa mtaalamu wa kuunga mifupa, muhula unakwisha. Maumivu ya usiku ndiyo dalili ninayowaomba walimu na wazazi waikumbuke: goti lililoumizwa na mpira hupata nafuu mtoto akilala, lakini hili humwamsha. Wanapofika hospitali kubwa na kupigwa picha, wengine tayari wana madoa mapafuni. Hapo ndipo faili hufungwa mapema.

Katika osteosakoma, madoa ya mapafuni yasipotolewa, karibu hakuna anayepona, hata apewe dawa gani. Yakitolewa yote, pamoja na tiba ya kemikali na upasuaji wa mguu wenyewe, takriban theluthi moja huishi miaka mingi. Theluthi moja ya watoto ambao vinginevyo wangezikwa wote. Hapa mpasuaji hutoa hata vivimbe kumi, hurudi upande wa pili baada ya wiki kadhaa, na kikitokea kingine mwaka unaofuata, huingia tena. Saratani hii ina tabia ya kubaki mapafuni bila kwenda kwingine, ndiyo sababu kisu kinaifikia. Mtoto wa namna hii akichangishiwa pesa Othaya au Karatina, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa.

Zipo nyingine ambazo kisu husubiri zamu yake. Saratani ya korodani ikifika mapafuni hutibiwa kwa kemikali kwanza, na mara nyingi madoa huyeyuka. Yanayobaki ndiyo hukatwa. Uvimbe wa figo wa watoto, ule wa Wilms, ni vivyo hivyo. Saratani inayotokana na mimba iliyoharibika, ambayo huwapata akina mama vijana na hupenda sana mapafu, hupona kwa dawa hata picha ya kifua ikiwa inatisha, na ni wachache mno wanaohitaji kupasuliwa. Kumkimbiza mama huyo kwa mpasuaji ni kumchelewesha dawa yake.

Na zile zinazotusumbua zaidi huku mlimani? Saratani ya koo la chakula na ya tumbo, ambazo Meru na maeneo jirani zinajulikana kwa uzito wake, pamoja na ya tezi dume na ya mlango wa kizazi. Hizi zikionekana mapafuni, kwa kawaida zimeshatawanyika kwingine pia, hata kama picha haijaonyesha. Kukata madoa mapafuni hakuzizuii. Kenya ilikadiriwa kupata karibu wagonjwa wapya 45,000 wa saratani mwaka 2022 na vifo zaidi ya 29,000. Kati ya hao, wanaofaa upasuaji huu ni wachache. Ndiyo maana ni muhimu tuwatambue hao wachache, wengine tusiwaingize katika gharama bure.

Wanafunzi wa uuguzi waliniomba nieleze upasuaji wenyewe unavyofanyika. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, mkono ukiinuliwa mbele ya uso. Daktari wa usingizi hupitisha kooni mpira wenye njia mbili, ili pafu moja lipumue na jingine lizimwe. Kifua kinapofunguliwa kati ya mbavu, pafu lililozimwa hunywea taratibu, likawa laini na dogo, na hapo mpasuaji huingiza vidole na kulipapasa lote, kipande kwa kipande. Vidole vinaweza kugundua kivimbe cha milimita tatu au nne ambacho picha haikukiona, ndiyo maana baadhi yetu, hasa kwa osteosakoma, hatujaacha kufungua kifua ingawa upasuaji wa kamera una kidonda kidogo na maumivu machache. Kivimbe kikipatikana, hukatwa pamoja na ukingo mdogo wa pafu zima linalokizunguka, na mashine hushona huku ikikata. Pafu la kulia lina pande tatu na la kushoto mbili. Hatutoi upande mzima ila kivimbe kikiwa ndani sana, kwa sababu huenda tukalihitaji pafu hilo siku nyingine. Na hapa kwetu utaona jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kidogo tu: pafu la mama aliyepika kwa kuni maisha yake yote lina madoadoa meusi ya masizi, na halirudi kujaa upesi.

Baadaye mpira hubaki ubavuni, ukiishia katika chupa yenye maji sakafuni. Maji hupanda na kushuka kila mgonjwa anapopumua. Akikohoa na mapovu yakatoka, hewa bado inavuja. Mapovu yakikoma na pafu likijaa kwenye picha, mpira hutolewa. Chupa ile isiinuliwe juu ya kifua, na jamaa wasiisogeze wakija kumwona mgonjwa. Katika kumbukumbu za Pastorino, aliyefariki kutokana na upasuaji alikuwa takriban mmoja katika kila 100. Hiyo ni katika vituo vyenye uzoefu, vyenye chumba cha wagonjwa mahututi na mtu wa kumfundisha mgonjwa kupumua na kukohoa siku inayofuata.

Kabla ya yote hayo, kuna jambo moja ambalo Kenya haliwezi kurukwa, nalo ni kifua kikuu, yaani TB. Mama mmoja aliyekuwa ametibiwa saratani ya titi alipigwa picha ya kawaida ya ufuatiliaji, yakaonekana madoa mawili juu ya pafu la kulia. Hospitali moja ikamwambia imesambaa. Watoto wake wakaitwa kutoka Nairobi na Mombasa, akaanza kugawa vyombo vyake. Makohozi yalipopimwa, ilikuwa TB. Alikunywa dawa miezi sita, madoa yakafifia. Nchi yetu ina TB nyingi, na kivimbe cha TB na kivimbe cha saratani vinaweza kufanana kabisa kwenye picha. Mgonjwa wa saratani anayetumia kemikali kinga yake hushuka, kwa hiyo TB humpata kwa urahisi zaidi. Makohozi yapimwe, na inapowezekana sampuli itolewe kwa sindano, kabla mtu hajaambiwa hatua ya nne. Kinyume chake pia hutokea: mtu anapewa dawa za TB bila kipimo kuthibitisha, kumbe ni saratani, na miezi inapotea.

Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri inatoa tiba ya kemikali, na hiyo imewapunguzia wengi safari ya kilomita 150 kwenda Nairobi. Mpasuaji wa kifua, hata hivyo, kwa kawaida utamfuata Nairobi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au nyinginezo. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, kuna mashine ya picha ya PET inayoweza kuonyesha kama saratani iko mahali pengine mwilini, na pia mashine ya mionzi ya kulenga, ambayo kwa kivimbe kimoja kidogo inaweza kuwa njia mbadala kwa asiyehimili kisu. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kiwango chake cha mwaka kwa saratani. Ulizeni kimebaki kiasi gani kabla ya kupanga lolote, kwa sababu kemikali nayo hukatwa humo humo.

Mkienda, bebeni picha zenyewe, yaani ile diski, pamoja na ripoti. Picha za zamani zina thamani kuliko mpya, kwa sababu ndizo zinazoonyesha doa lilikuwa na ukubwa gani miezi sita iliyopita. Bebeni ripoti ya sampuli ya kwanza kabisa. Nimeona wagonjwa wakirudishwa Nyeri kuifuata karatasi moja. Na mkikaa mbele ya daktari, msiulize kama inaweza kukatwa. Karibu kila kitu kinaweza kukatwa. Mwulizeni iwapo uvimbe wa kwanza umekwisha. Mwulizeni ametazama wapi pengine, na kwa kipimo gani. Ana hakika vyote vitatoka? Wagonjwa kama huyu wasiopasuliwa huishi muda gani? Daktari asiyekuwa na jibu la swali hilo la mwisho hajawa tayari kupokea pesa zenu.

Huenda akawaambia msubiri miezi miwili au mitatu kisha picha irudiwe. Najua jinsi jambo hilo linavyouma. Jamaa huona wanatelekezwa, na wengine huondoka siku hiyo hiyo kutafuta hospitali itakayopasua kesho. Subirini. Doa moja likibaki moja, na likiwa limekua kidogo tu, upasuaji una maana zaidi kuliko mwanzo, na hakuna kilichopotea. Yakigeuka kumi na mbili, basi yalikuwepo tangu siku ile, madogo kuliko yanavyoweza kuonekana, na mgonjwa ameepushwa kidonda kisichomfaa. Kwa osteosakoma na saratani zinazokimbia, muda huo wa kusubiri hutumika kwa kemikali, siyo kukaa bure.

Asiyepasuliwa bado ana matibabu, na sehemu kubwa yake iko hapa hapa. Maji yakijaa kifuani na kumbana pumzi, hutolewa kwa mpira mdogo katika hospitali ya kaunti, na anaweza kurudi nyumbani Tetu au Kieni na kulala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mofini ya maji, kwa kipimo kidogo, hupunguza kule kuhangaikia hewa hata kama hana maumivu. Wengi huiogopa wakidhani ni dawa ya kumalizia mtu. Kwa kipimo sahihi haimuui mgonjwa. Humwezesha kula, kulala na kuongea na wajukuu. Nyeri Hospice hapa mjini imewahudumia wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi, na familia haihitaji kungoja wiki za mwisho ndipo iende. Mgonjwa anaweza kuandikishwa siku ile ile anapoanza kemikali, ajue ni nani wa kumpigia simu pumzi ikibana usiku.